Nyumba Ambayo Gari Lako Linaiweza

Midrand, jioni

Keru mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Newtown kuagana na marafiki zako, na baba yako yuko nje anaizunguka karavani yako tena, anapiga matairi teke kama mtu anayetaka kuinunua. Nimebaki na meza yote peke yangu. Nimeona niandike sasa, kwa sababu kesho asubuhi nitakuwa na kelele tu, na kelele zangu hazitafika Upington unakohamia.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole, na ukifika katikati utanipigia simu kuuliza neno fulani lina maana gani, na utaniuliza kwa Kiingereza. Niulize tu. Baba yako ametoka Kisii, mimi nimetoka Taita, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Nyumba yetu iliota humo, hata kama wewe ulizaliwa huku ukajua kusema "eish" kabla hujajua kusema "shikamoo".

Habari za kula vizuri na kufunga milango siandiki. Hayo nimeyasema hadi nikianza wewe ndiye unayemalizia. Nataka nikueleze jambo ambalo hujawahi kulisikia lote: jinsi tulivyonunua karavani yetu ya kwanza, yaliyotupata, na kwa nini siku ile pale kwa muuzaji, ulipoikataa karavani niliyokuchagulia, nilikununia mbele yake halafu nikaenda chooni kucheka peke yangu.

Ulikuwa ndio umeanza shule. Kila Desemba mji huu ulikuwa unahama wote kwenda baharini. Tulisimama dirishani tukiwatazama majirani wakifunga karavani nyuma ya magari yao, watoto ndani na mito yao, mbwa kichwa nje, baiskeli juu. Wenzetu wa fellowship, Wakenya, walikuwa wanapanda ndege kwenda nyumbani, na mwaka ule sisi nauli hatukuwa nayo. Baba yako akasema, "Basi mwaka huu na sisi tuwe watu wa hapa." Kule benki alikofanya kazi kulikuwa na mwenzake anayestaafu, naye alikuwa anauza karavani.

Ilikuwa nzuri, Keru, usidhani tulikuwa wajinga wa kupenda takataka. Ilikuwa na magurudumu mawili kila upande, choo ndani, bafu, jiko la gesi, friji, kabati za mbao, mapazia ya maua. Ilipoingia kwenye uwanja wa nyumba tuliyopanga wakati ule, ilijaza uwanja wote. Jumapili watu wa fellowship wakaja kuiona. Walikaa ndani wakanywa chai, wakaimba, wakaomba. Mzee mmoja wa kanisa akapapasa ukuta wake, akamwambia baba yako, "Ndugu yangu, sasa umejenga."

Nataka ulielewe neno hilo. Rafiki zake wote walikuwa wameshajenga nyumbani. Mmoja amejenga Kitale, mwingine Ngong, wanatumiana picha za mabati mapya. Yeye alikuwa anasomesha ndugu zake, hajajenga hata jiko. Aliposikia "umejenga" mbele ya watu, niliona mabega yake yakipanda. Mimi pia nilipanda. Nilikuwa tayari nimeona mahali pa kutundika picha ya mama yangu.

Katika siku zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza gari letu lina uzito gani.

Gari lilikuwa stesheni wagoni ya kawaida, ile ya kijivu uliyokuwa ukitapika ndani yake. Mwenye karavani alituambia, "Mimi nimeivuta miaka yote bila tatizo," na alisema kweli. Lakini yeye alikuwa na gari kubwa la kupandia milima. Tulisikia "bila tatizo" tukaacha kusikiliza. Leseni ya kuvuta baba yako alikuwa nayo, alikwenda akajifunza akapasi. Ila leseni inasema dereva anaweza. Haisemi lolote kuhusu gari lako.

Karavani ina kibao kidogo cha chuma, wewe sasa unakijua kuliko mimi. Kinaonyesha uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imejaa. Tulisoma ule wa kwanza tukafurahi, maana ulikaribiana na wa gari. Halafu tukaijaza. Maji tangi zima. Gesi. Unga wa ugali, kwa sababu mimi niliapa baharini hakuna unga. Sufuria zangu za sherehe. Jenereta. Viti. Wewe ulitaka sanduku lako la vitabu na ukapewa. Mambo madogo madogo, kila kimoja unakibeba kwa mkono mmoja, na yote yakiwa pamoja ni ng'ombe kadhaa wamelala sakafuni.

Gari likainama nyuma kama mtu anayetaka kukaa. Baba yako akalitazama, akafikiri, akasema, "Tuhamishe vitu vizito tuvipeleke mkiani, mbele pawe pepesi." Ilionekana ni akili. Tukahamisha, gari likainuka, tukapeana mkono. Baadaye ndipo nilipofundishwa kwamba karavani iliyo nyepesi mbele na nzito mkiani inakuwa kama mbwa anayetikiswa na mkia wake mwenyewe. Pua yake lazima ilalie ndoano ya gari kwa uzito wa kutosha, usizidi na usipungue, na vitu vizito vikae chini, karibu na magurudumu. Lakini siku ile tulipeana mkono.

Uwanda wote wa Free State tulikwenda vizuri, ila kila lori lililotupita lilituvuta kidogo kisha likatusukuma kidogo. Nilimwambia baba yako, "Inacheza." Akasema, "Ni upepo." Nikakubali, kwa sababu nilitaka iwe upepo.

Tulipofika Van Reenen, pale barabara inapoanza kuporomoka kwenda Natal, karavani ikaanza kutusukuma. Gari ndilo lilikuwa linabebwa sasa. Lori refu likatupita kwa kasi. Karavani ikayumba kulia, ikarudi kushoto, ikarudi kulia zaidi. Niliona nyumba yetu kwenye kioo cha upande wangu, halafu nikaiona kwenye kioo cha baba yako, halafu tena kwangu. Akakanyaga breki. Mtu yeyote angekanyaga. Na hapo ndipo ilipotuzungusha.

Nakumbuka anga, nyasi, anga. Nakumbuka mlio wa chuma ambao sijawahi kuusikia tena na sitaki. Gari lilisimama likitazama tulikotoka. Karavani ilikatika, ikalala ubavu, ikateleza hadi kwenye ukingo wa mlima ikapasuka kama boksi la viatu, na unga wangu wote wa ugali ukapanda hewani wingu jeupe, ukatutelemkia taratibu. Katika kimya kile nikasikia sauti yako kutoka kiti cha nyuma: "Tumefika?"

Hukuwa na hata mkwaruzo. Sisi pia. Nilikutoa nikakubeba mpaka nyasini, nikakupapasa kila mfupa. Madereva wa malori wakasimama, wakaweka alama barabarani, mmoja akakupa chungwa. Baba yako akakaa kwenye kingo za chuma za barabara, mikono juu ya magoti, na mikono ile ilitetemeka hata jua lilipokuwa kali. Nikakaa karibu naye. Lori la kuvuta magari likaja. Ndipo akasema, "Sitaki kuona kitu nyuma ya gari langu tena maisha yangu yote."

Alilishika neno hilo. Hata kitrela cha kubebea takataka za bustani alikuwa akimlipa mtu aje nacho.

Watu walitupa pole, na wengine, unawajua watu, walitupa pole huku wanatabasamu. Lakini lililoniuma ni jingine. Mwaka uliofuata uliwaona majirani wakifunga karavani zao, ukaniuliza kama tutakwenda, na kabla sijajibu ukajijibu mwenyewe: "Hapana. Sisi tunaanguka." Ulisema bila huzuni, kama mtoto anayesema sisi ni Wakenya, sisi tunakaa Midrand, sisi tunaanguka. Nilikuwa naosha vyombo. Nikazima bomba, nikajiambia kwamba mlima ule hautapata neno la mwisho juu ya mtoto wangu.

Ndivyo nilivyokwenda kujifunza kuvuta, mimi mfanyakazi wa maktaba ya chuo, mwenye miwani, ambaye hata kuegesha gari peke yake pale madukani Maponya nilikuwa nazunguka nikitafuta nafasi mbili zilizoungana. Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kizulu, MaDlamini, mwenye sauti ya kusimamisha magari kuliko taa nyekundu ya robot. Kwenda mbele hakukunishinda. Kurudi nyuma kulinitoa machozi. Ukikata usukani huku, trela inakwenda kule. Nilikunja trela ile kama mkebe. Nilifanya mtihani nikaanguka, nikarudi kwake nikamwambia nadhani sikuumbiwa hili.

MaDlamini akacheka. "Mama, wewe unaishika juu, ndiyo maana inakuchanganya. Weka mkono mmoja chini ya usukani. Chini kabisa. Sasa peleka mkono unakotaka mkia uende. Basi."

Nikaweka mkono chini. Nikaupeleka kushoto, na mkia ukaenda kushoto. Keru, nilipiga honi kwa furaha mpaka akaniambia niache, watu wanafikiri tumegonga mtu.

Yeye ndiye aliyenifundisha na yale mengine niliyokutajia juu ya pua na mkia. Ndiye pia aliyeniambia la kufanya karavani ikianza kuyumba, na hili, ingawa unalijua, nitaliandika kwa mkono wangu: toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uwe umenyooka, usipigane nayo, usikanyage breki kwa hofu. Iache ichoke yenyewe. Ikitulia, tafuta mahali usimame, uangalie ulichopakia vibaya. Ikiyumba, huwa inakuambia kitu. Usimalize safari bila kujua ilikuwa inasema nini.

Nilipopasi, nilikodi karavani ndogo ya wikendi moja, ndogo mno hata ukajigonga kichwa mara ulipoingia. Kabla ya kuikodi nilimwuliza mwenye karavani maswali mengi hadi akaniuliza kama mimi ni polisi. Baba yako alitufungulia geti na hakuja. Hakukataza. Alisimama tu, mkono kwenye ukuta, mpaka tulipokata kona.

Tulikwenda upande wa Magaliesberg. Hili nadhani unalikumbuka kidogo, lakini uliliona ukiwa nje ya gari, wacha nikuambie lilivyokuwa ndani. Tulifika mchana, kiwanja kimejaa, nafasi yetu iko kati ya miti miwili. Wanaume wote wa kiwanja kile walikuwa wanachoma nyama. Waliponiona nimewasha taa ya kurudi nyuma, mwanamke mweusi peke yake na mtoto, waligeuza viti. Naapa kwako, waligeuza viti. Mmoja akaja na koleo lake la nyama mkononi, mpole kabisa, akainama dirishani: "Mama, nipe ufunguo, nikufanyie."

Nikamwambia, "Asante baba. Kaa utazame."

Mara ya kwanza niliingia upande upande. Nikasogea mbele. Mara ya pili nilikuwa nauelekea mti. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na miwani imepanda ukungu. Nikakuona kwenye kioo: umesimama nyuma kule, mikono juu kama mtu wa uwanja wa ndege, uso umekaza, hucheki. Hukutazama wale wanaume hata kidogo. Ulikuwa unanitazama mimi tu, na ulikuwa na uhakika. Nikaweka mkono chini ya usukani.

Iliingia kama droo inavyoingia kabatini.

Wale wanaume walipiga makofi. Yule wa koleo alituletea soseji. Na wewe ukaja ukikimbia, ukapiga mlango wa gari kwa viganja vyote viwili, ukapaza sauti kiwanja kizima kikasikia: "Sharp, Mama! Hatukuanguka!"

Nimekuwa na siku nzuri katika nchi hii. Nimepandishwa cheo, nimepata makaratasi ya ukaazi, nimekuona umevaa joho. Siku ile iko juu ya zote.

Basi ndiyo uone nilivyoaibika mwaka huu.

Ulipopata kazi kwenye mitambo ya umeme wa jua, ukasema kazi yenyewe inahama, leo Upington, mwakani mahali pengine, na badala ya kupanga vyumba vya watu utanunua karavani, nilijivuna. Nikasema mimi ndiye fundi wa jambo hili, twende wote. Tukafika kwa muuzaji, na mimi, mwanafunzi wa MaDlamini, nikaiona ile kubwa nyeupe iliyokuwa mbele kabisa, nikasahau yote.

Muuzaji aliona macho yangu. "Mama ana jicho," akasema. "Hili ni kasri. Kwa usalama wa binti, mimi ningechagua hii."

Wewe hukuingia hata ndani. Ulikwenda kwenye pikapu yako, hiyo bakki ya mitumba uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza, ukalala chini kwenye vumbi na suruali yako safi, ukasoma kile kibandiko cha chuma kwenye ndoano ya kuvutia. Ukarudi, ukasoma kibao cha karavani, ukafuta vumbi magotini.

"Uzito wake ikijaa ni zaidi ya gari langu likiwa tupu," ukasema. "Hapana."

"Lakini hutaijaza," muuzaji akasema. "Uko peke yako."

"Nitaijaza. Nitaishi ndani yake. Watu wanaishi na vitu."

"Injini yako ya dizeli ina nguvu, itaivuta."

"Kuivuta najua itaivuta. Nauliza itaizuia na nini mteremkoni."

Mimi nikaingilia, Mungu anisamehe. "Keru, hii ina choo ndani!"

Ukanigeukia. Ulisema kwa Kiingereza, lakini hata kwa Kiswahili linachoma vilevile: "Mama, choo kitanisaidia nini nikiwa mtaroni?"

Nilinuna. Nilikuambia huna adabu, nikakuambia mbele ya mtu baki. Halafu nikauliza choo kiko wapi, nikajifungia, nikacheka mpaka nikaketi. Kwa sababu tulikaa watu wazima chungu nzima ndani ya karavani ile ya kwanza, tukanywa chai, tukaimba, na swali hilo halikumjia hata mmoja wetu. Likamjia mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma. Unga ule ulipomwangukia kichwani hakubeba hofu akaondoka nayo. Alibeba swali.

Na nikuambie kitu ambacho sikukuambia siku ile. Ile kubwa ilikuwa na kitanda cha pili, pembeni karibu na dirisha, na taa yake ya kusomea. Mimi nilikuwa nakiangalia kitanda hicho. Nilikuwa nakununulia nyumba yenye nafasi yangu. Sasa nimeelewa kwamba nyumba unayoondoka nayo inapaswa kumtosha anayeondoka, na aliyebaki atajua jinsi ya kuja kukutembelea.

Uliyoichagua nimeipenda taratibu. Ilikuwa nyuma kabisa ya uwanja, gurudumu moja kila upande, paa la kuinua, pazia moja limechanika. Ulikagua sakafu kwa visigino kama imeoza. Ukatazama mwaka wa matairi, ukasema yanaonekana mapya lakini yamezeeka, yabadilishwe kabla hujalipa. Ukafungua breki zake ukazifunga. Muuzaji alipoacha kuniita Mama na kuanza kukuita wewe madam, nilijua biashara imekwisha na nani ameshinda.

Halafu Jumamosi iliyopita. Hapa nataka uende polepole kabisa, kwa sababu wewe ulikuwa unaendesha, ukaona barabara tu. Mimi nilikuwa nyuma yenu kwenye gari langu, na niliona yote.

Ulisema utaipakia kila kitu, kama siku ya safari yenyewe, uipeleke kwenye mizani ya malori kabla ya kuijaribu barabarani. Maji, gesi, vitabu, buti za kazini, sufuria niliyokulazimisha. Baba yako alikuwa anapitisha vitu kutoka mlangoni, hapiti mstari wa geti. Ulipowasha gari, akaja. Hakuna aliyemwita. Alifungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda, akatazama mbele. Wewe hukusema neno, nami nakushukuru kwa hilo. Ungesema neno lolote, angeshuka.

Mizani ilisema uko chini ya kikomo, na nafasi imebaki. Nilimwona baba yako akiinama kusoma namba zile mwenyewe, kisha akazisoma tena. Mkaingia barabara kuu ya N1 kuelekea Pretoria. Nilikuwa nyuma yenu nimeng'ang'ania usukani, moyo wangu uko Van Reenen. Kwenye mteremko lori refu likaja kulia kwenu kwa kasi. Lori likawapita, upepo wake ukaigusa karavani, karavani ikatikisika kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, ikanyooka, ikaendelea.

Mlipoegesha, nilifika nikamkuta ameshashuka. Ameweka kiganja juu ya ubavu wa karavani, mahali palepale ambapo mtu angemgusa farasi. Akaniambia, "Mama Kerubo, nilisahau kwamba iko nyuma."

Halafu akakugeukia wewe. Baba yako, ambaye alikuwa anamlipa mtu abebe majani ya bustani. Akanyoosha mkono, na mkono haukutetemeka. "Naomba ufunguo. Nirudishe mimi."

Ukampa. "Sharp, Baba," ukasema, kama vile ni jambo la kila siku.

Alirudi njia nzima kwenye leni ya kushoto, taratibu kama msafara wa harusi. Malori yalimpigia honi. Teksi zilimpigia honi. Nilikuwa nyuma yake nimewasha taa za hatari, nalia na kuimba nyimbo za kwetu Taita ambazo nilidhani nimezisahau, na mtu mmoja aliyenipita alinitazama akatingisha kichwa. Alipoingia hapa kwetu, mlinzi akatuambia mgeni wenu ana karavani nzuri. Baba yako akashusha kioo akamjibu, "Ni ya binti yangu. Yeye ndiye aliyechagua." Miaka yote hii nimekuwa nikitaka kumrudishia mabega yake yale. Wewe umeyarudisha kwa kusoma kibao.

Sitaongeza mawaidha. Kule uendako watakuja watu wazuri, wenye nia njema, wakuonyeshe vitu vikubwa na kukuambia vinakufaa: kazi, nyumba, hata wanaume. Huhitaji nikufundishe namna ya kuvipima. Nilikuona umelala kwenye vumbi ukisoma.

Kesho, basi. Wasimamizi wa mtaa wetu huu wenye geti wameruhusu karavani ikae mpaka usiku huu tu, na sheria zao za kelele unazijua. Nimeshamwambia mlinzi. Ukitoa breki ukaanza kusogea, nitasimama katikati ya barabara na kanga yangu, nipige vigelegele, sio vile vya adabu vya kanisani, vile vya Taita vinavyovuka bonde. Nitavipiga mpaka upite taa za robot ya kwanza. Majirani watatoka na nguo za kulalia. Watalalamika kwenye grupu ya WhatsApp.

Waandike.

Mama yako